Karatasi ya Sahihi Ndiyo Ardhilhali Yenyewe

Wazee wa kwetu, kusini mwa Kwale, walirudishiwa ardhilhali yao kwa ajili ya gundi. Walikuwa wakiomba Bunge lisaidie mashine za kuandikisha wapiga kura zifikishwe vijijini, maana kijana asiye na kazi hana nauli ya boda kwenda na kurudi makao makuu ya eneobunge. Madai safi, majina tele. Ila majina yalikusanywa kwenye daftari la shule, kurasa zikachanwa na kubandikwa nyuma ya barua. Karani aliyezipokea akazisukuma upande wa pili wa meza bila kusoma hata mstari. Ndipo nikaitwa mimi, kwa kuwa nina kompyuta na mdomo.

Nilitaka kwenda kugomba. Kwanza nikasoma sheria ya 2012 ya kuwasilisha ardhilhali bungeni, nikakuta karani, pamoja na ubaridi wake, ana haki: sahihi au dole gumba, anwani na nambari ya kitambulisho huandikwa juu ya ardhilhali yenyewe, havibandikwi.

Basi tukaanza upya, nami nakuachia hatua tulizofuata. Ya kwanza, haki zenyewe, naipita mbio. Ibara ya 38 ya Katiba ya Kenya inampa raia mtu mzima haki ya kuandikishwa kupiga kura, ya 83 inakataza taratibu za kumnyima, ya 119 inamfungulia kila mtu mlango wa Bunge. Elezeni mmekwenda ofisi zipi, kama kuna kesi mahakamani, kisha malizieni kwa ombi la heshima.

Hatua ya pili isome mara mbili. Sheria inataka mada itajwe kwenye kila karatasi. Mimi nakwambia weka ombi zima. Juu kichwa cha ardhilhali, chini yake ombi neno kwa neno, ndipo jedwali la majina. Kila ukurasa hivyo hivyo. Hakuna atakayesema kesho kwamba alitia sahihi asichokijua, na ukurasa ukitengana na wenzake bado unajieleza. Acha mistari minane tu, mipana, kwa sababu dole gumba la mvuvi halienei kwenye kijimstari cha daftari. Nambari isome kwenye kadi, usikubali ya kichwani. Ukikosea usifutefute, kata mstari mzima, uanze mwingine.

Na padi ya wino nunua ya maana. Kuna muuza vifaa pale Ukunda aliyeniuzia moja iliyovuja hadi kurasa tatu za chini zikawa kama kanga iliyochujuka. Nilipoirudisha akaniambia ni joto la Pwani. Joto! Anauza vitu Pwani, alidhani tutavitumia kwenye baridi ya Limuru?

Hatua ya tatu ilikuwa iwe namna ya kupanga wakusanyaji wa sahihi, lakini bibi mmoja aliivuruga. Alikataa kutia dole mpaka nimsomee ombi lote, nikamsomea. Akanyamaza, akamwonyeshea kidole kijana aliyekaa mlangoni: "Na huyu mjukuu wangu, ambaye hawajampa kitambulisho, atatia wapi?" Sikuwa na jibu. Anayenyimwa ndiye asiyeweza kulalamika, kwa sababu safu ya nambari hana cha kuijazia. Tulikaa na wazee usiku ule, tukaongeza aya nzima kuhusu vijana hao, kisha wazazi na bibi zao wakatia sahihi zao wenyewe kuunga mkono madai, si kwa niaba ya majina ya vijana. Mzee mmoja Mmakonde alicheka tu. Mwaka 2016 Wamakonde wenzake walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. "Nyinyi mna karatasi," akasema, "sisi tulikuwa na miguu."

Safari hii karani alizipekua kurasa zetu zote, akagonga muhuri. Kama wakati huu unazungusha daftari la shule kijijini, lirudishe kwa mtoto wako, ukachapishe kurasa upya kabla hujaomba sahihi nyingine.