Simba na Punda Milia Mahali Pamoja

Zamani katika bustani za wanyama za Ulaya, wanyama wengi walifungwa nyuma ya vyuma. Lakini mwaka wa 1907 Mjerumani mmoja, Carl Hagenbeck, alifungua bustani ya namna nyingine huko Stellingen, karibu na mji wa Hamburg. Watazamaji waliona ndege wa majini, nyuma yao punda milia na mbuni, na nyuma yao simba, wote kana kwamba wamo katika uwanda mmoja.

Je, simba hakuwarukia? Hakuweza, maana kati yao palikuwa na handaki lililofichwa. Hagenbeck alipima kwanza mruko wa wanyama wakali, ndipo akachimba. Walao majani walichanganywa. Mla nyama alitengwa.

Basi, wanafunzi, amani ile haikutokana na upole wa simba, bali na maarifa ya mtu.