MAMAJUSI WALITOKA KATIKA DINI GANI?

Somo: Matayo 2:1-12



Kila Noeli hapa Luberizi watoto wetu wanavaa taji za karatasi na kuigiza wafalme watatu. Lakini Matayo hasemi kwamba walikuwa wafalme, wala hatoi hesabu yao. Zilizo tatu ni zawadi: zahabu, uvumba na manemane. Tulipojifunza habari hii, mzee mmoja aliuliza: "Kama wasoma nyota walipokelewa, basi kwenda kwa mfumu ni kosa gani?" Swali hilo ni zito. Tulijibu.

1. Jina lao
Mamajusi walikuwa makuhani wa Wamedi na Waajemi, inchi ambayo leo ni Irani. Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 mbele ya Kristo, aliandika kwamba walisimamia sadaka na kufasiri ndoto. Tafsiri ya Kigiriki ya Danieli 2:2 inawataja katika Babeli, mahali ambapo Danieli mwenyewe aliwekwa juu ya wenye hekima (Danieli 2:48).

2. Dini yao
Makuhani hao wa Uajemi walifuata mafundisho ya Zoroasta: waliabudu Ahura Mazda, walitunza moto mtakatifu, na walingojea mwokozi. Dini hiyo haikuisha. Waparsi, ambao wazee wao walitoka Uajemi wakakaa Uhindi, walifika hata Unguja wakajenga hekalu la moto. Matayo hataji inchi ya wageni wake. Anasema tu Mashariki.

3. Nyota na Neno
Tuangalie vizuri. Nyota iliwaondoa kwao, lakini haikuwaambia jina la mji. Walipofika Yerusalemu iliwapasa kuuliza, na jibu lilitoka kwa nabii Mika (5:2). Makuhani na waandishi walijua andiko, wakabaki wamekaa. Wageni walisikia mara moja, wakaenda, wakapiga magoti. Na wao wafasiri wa ndoto wakaonywa na Mungu katika ndoto, wakarudi kwa njia nyingine.

4. Kwetu sisi
Luka anatumia neno lile lile juu ya Elima aliyempinga Paulo, naye akapofuka (Matendo 13:6-11). Jina moja, miisho miwili. Basi, mzee wetu, kuagua kunabaki kumekatazwa (Torati 18:10-12). Mamajusi hawakusifiwa kwa sababu ya kusoma nyota, bali kwa sababu walimsujudu Mtoto.

Lakini mtu akitoka katika nyumba ya mfumu akaja kutafuta Bwana, sisi tunamweka kwenye benchi la nyuma na kunong'ona. Je, hatufanani na waandishi wa Yerusalemu? Tumpe nafasi, tumfunulie Maandiko, tumsindikize mpaka kwa Yesu. Naye asirudi kwa njia ya zamani.

Maswali
1. Ni nani waliojua Bethlehemu lakini hawakwenda?
2. Nani katika kusanyiko letu bado anaitwa kwa jina la kazi aliyoiacha?

Bwana atusaidie. Amina.