Akili Bandia na Riziki ya Makarani



Khabari iliyoenea siku hizi ni ya mashine ziitwazo akili bandia, khasa tangu Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT. Wengi katika watu wetu huyaona haya kuwa ni mambo ya Ulaya na Marekani. Na wenye kukhofu, humkhofia hamali na mvuvi. Tunaona hawatazami panapostahili, na somo letu la leo ni kueleza kwa nini.

Sisi watu wa Mombasa si wageni wa mageuzi ya kazi. Zamani meli ikifunga Kilindini, magunia yalishuka migongoni mwa watu. Katika miaka ya 1970 yakaingia makontena, kreni moja ikafanya kazi ya makundi ya makuli. Mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya ya Nairobi, na mwaka 2019 watu wakaandamana humu mjini, kwa kuwa mizigo yawapita ikenda bara, na malori yamelala. Katika yote hayo walioumia mwanzo ni watu wa jasho. Ndipo mzee akawa humwambia mwanawe: "Soma uwe karani, ukae kitini."

Sasa mashine yamjia huyo aliye kitini. Agosti 2023 Shirika la Kazi Duniani lilitoa uchunguzi wake: katika kazi za ukarani, asilimia 24 ya shughuli zaweza sana kufanywa na mashine hizi, na asilimia 58 nyingine kwa kiasi cha wastani. Katika namna nyingine za kazi, zile za daraja ya kwanza hazikupita asilimia 4. Wanawake waguswa zaidi, maana ndio wengi maofisini. Sababu yake ni nyepesi: mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi, basi uhodari wao ni katika maandishi: kutunga barua, kufasiri, kutoa tarakimu katika ankara na kuzitia katika fomu za forodha. Kukuna nazi haziwezi.

Uchunguzi huo haukusema kwamba makarani wote watafukuzwa. Ulisema wengi watasaidiwa kuliko kuondolewa. Na tukubali hivyo. Lakini juu ya hayo kuna jambo linalotutia wasiwasi, nalo ni la mwanafunzi.

Karani mkubwa wa forodha, yule atazamaye ankara akajua papo hapo kuwa bei hii si ya kweli, alianza kwa kunakili. Alinakili miaka, akigombezwa, mpaka jicho likafunguka. Na kunakili ndiko mashine inakokuchukua mwanzo. Mwenye ofisi ataona amepata faida ya mishahara miwili. Lakini mzee huyo akiondoka, nani atakayeyajua makosa ya mashine? Nayo hukosea, tena kwa lugha fasaha na bila ya haya. Ikiandika uzani usio kweli, mashine haitozwi faini. Hutozwa aliyetia sahihi.

Basi twawaomba wenye ofisi za humu mjini wasiache kuchukua wanafunzi, bali wawape kazi ya kulinganisha yaliyoandikwa na mashine na ankara yenyewe, mstari kwa mstari, mkubwa akiwasimamia. Na mzazi anayetoa karo ili mwanawe ajifunze kompyuta, amwulize mwalimu kabla ya kulipa: huko atafunzwa kukagua, au kupiga chapa tu?