Bili ya Ardhi Kutoka Kaunti: Isome Kabla ya Kuilipa

Wakulima wengi nchini Kenya hulijua deni la kaunti siku wanapotaka kuuza kipande cha shamba au kugawana urithi. Karani anauliza nambari ya shamba, anaitafuta kwenye kompyuta, kisha anataja kiasi kinachomfanya mzee aombe kiti. Deni ni la miaka mingi, riba imepandiana juu yake, na jina la mwenye deni ni la marehemu. Hapo hapo nje ya mlango hakosekani mtu wa kusema anajua njia ya mkato. Hakuna njia ya mkato anayoijua isipokuwa ya kwenda mfukoni mwako. Rekodi hiyo unaweza kuiomba, kuisoma na kuipinga mwenyewe.

Kwanza yatenganishe madeni mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Ardhi iliyokodishwa na serikali, yenye hati ya miaka 99 kwa mfano, hulipiwa kodi kila mwaka kwa serikali kuu kupitia Wizara ya Ardhi. Ada ya ardhi ni deni jingine kabisa: hutozwa na kaunti, kwa mamlaka iliyopewa na Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Mwenye hatimiliki ya kudumu hadaiwi ile kodi ya serikali kuu, lakini anaweza kudaiwa ada na kaunti ikiwa shamba lake limo katika eneo ambalo kaunti imeamua kisheria kulitoza. Si kila shamba la kijijini limo. Kwa hiyo usikubali jibu la "kila ardhi hulipa". Uliza eneo lako lilitangazwa lini, na kwa sheria ipi.

Swali la sheria si ukaidi. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Barua ya afisa si sheria. Tangazo lililobandikwa kwa chifu si sheria pia, ingawa linaweza kuwa linaitaja. Viwango vyenyewe mara nyingi hukaa katika jedwali lililo mwishoni mwa Sheria ya Fedha ya kaunti, na sheria nyingi za kaunti husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kijana mwenye simu anaweza kukutafutia. Hakikisha tu kwamba mwaka wa sheria unalingana na mwaka wa deni: kiwango cha mwaka huu hakitumiki kukokotoa deni la miaka mitano iliyopita.

Tena sheria yenyewe ikipitishwa kinyume cha utaratibu huweza kuanguka. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Vikao vya kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha huwa na watu wachache mno, halafu bili zikija tunajaa ofisini kulalamika. Ukisikia kikao kimeitishwa katika wadi yako, nenda, na uandikishe jina lako.

Sasa rekodi. Nenda ofisi ya mapato ya kaunti ukiwa na kitambulisho, nakala ya hatimiliki, na risiti zozote ulizonazo, hata zile za enzi za kanjo, kabla ya kaunti. Usiridhike na kusomewa jumla. Omba taarifa ya akaunti ya shamba hilo, iliyochapishwa, inayoonyesha kila mwaka kivyake: ada ilikuwa ngapi, riba ngapi, malipo gani yalipokelewa na tarehe gani. Kisha keti chini ya mti na uilinganishe na hatimiliki yako, mstari kwa mstari.

Anza na nambari ya shamba, tarakimu moja moja. Shamba likigawanywa, nambari mama hufungwa katika rejista ya ardhi na vipande vipya hupewa nambari zake. Rekodi za kaunti haziendi kwa kasi hiyo. Unaweza kukuta nambari mama ingali inatozwa kama kwamba shamba halijakatwa, na wakati huo huo kila kipande kina bili yake. Hilo ni deni moja linalodaiwa mara mbili, na dawa yake ni nakala ya rejista kutoka ofisi ya ardhi inayoonyesha siku nambari mama ilipofungwa.

Kisha tazama ukubwa. Hapa ndipo makosa ya bei ghali hujificha. Hatimiliki zetu huandikwa kwa hekta, lakini mkulima na karani wote wawili hufikiri kwa ekari. Hekta moja ni ekari 2.47. Shamba la hekta 0.81 ni ekari mbili tu. Karani akiandika 2 kwenye safu ya hekta, shamba lako limegeuka karibu ekari tano bila jirani yeyote kupoteza hata futi moja, na ikiwa kaunti hutoza kwa ukubwa, utalipa karibu mara mbili na nusu ya haki yako kila mwaka. Kosa la namna hii halijirekebishi. Huzaa riba.

Mahali ambapo ada hutozwa kwa thamani badala ya ukubwa, kuna daftari la uthamini, lenye orodha ya mashamba, wamiliki na thamani iliyokadiriwa. Ada ni thamani hiyo mara asilimia iliyowekwa. Asilimia peke yake haikuambii kitu mpaka ujue ni ya thamani ya mwaka gani. Nairobi ilifika mahali pa kutoza asilimia 34, lakini ya thamani ya mwaka 1982; daftari jipya lilipoanza kutumika mwaka 2023, kiwango kikawa asilimia 0.115 ya thamani iliyokadiriwa upya. Daftari jipya likitayarishwa, rasimu yake huwekwa wazi ili watu waikague na kuipinga kwa maandishi. Muda wa kupinga huandikwa kwenye tangazo. Bunge lilipitisha Sheria ya Kitaifa ya utozaji wa ada ya ardhi mwaka 2024, ikafuta sheria za zamani, Sura ya 266 na 267, kwa hiyo usitegemee siku alizohesabu baba yako. Soma tangazo lenyewe.

Riba nayo ikaguliwe. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, deni la shilingi 1,000 huongezeka kwa 360 kwa mwaka. Riba ikitozwa juu ya riba, ongezeko hufika karibu 426. Uliza ni hesabu ipi iliyotumika na kifungu kipi kinairuhusu. Mara kwa mara kaunti hutangaza msamaha wa riba kwa wanaolipa deni la msingi kabla ya tarehe fulani. Msamaha wa kweli huwa na msingi wa kisheria na lazima uwekewe rekodi ya umma pamoja na sababu zake. Kifungu cha 210 kimesema hivyo pia. Anayekunong'onezea kwamba atakufutia riba ukimtumia kitu kwa simu hana mamlaka hayo.

Jina la marehemu kwenye bili halifuti deni, kwa sababu deni huifuata ardhi. Vilevile kulipa bili hiyo hakukufanyi wewe mmiliki. Risiti za ada ni ushahidi wa malipo, basi. Mirathi ifuatwe mahakamani na jina libadilishwe kwenye ofisi ya ardhi, halafu ndipo kaunti ipelekewe nakala. Kwa mnunuzi, somo ni hilo hilo: deni huifuata ardhi, na kaunti hutoa cheti kwamba ardhi haidaiwi ada. Dai cheti hicho kabla hujakabidhi pesa za mwisho.

Ofisi ikikukatalia rekodi, acha kubishana na uandike barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa wa habari kuliwasilisha. Kuomba ni bure. Unachoweza kulipia ni gharama ya haki ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikinyamaza, sheria huhesabu kwamba imekataa, nawe unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Barua ya makosa iwe fupi. Taja nambari ya shamba, kosa lilipo, hati inayolithibitisha, na unachotaka kifanyike. Omba jibu la maandishi lenye sababu, kwa kuwa Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo uamuzi unapokuumiza. Sehemu ya deni usiyobishania ilipe mapema, kwa nambari rasmi ya malipo, ili riba isiendelee kuila. Peleka barua nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe mbele ya macho yako. Fanya vivyo hivyo na barua ya kuomba rekodi: siku 21 huanza kuhesabiwa hapo.