Binti yako aende kambi ya farasi, si kulea

*Shangazi, mimi na mume wangu tunaishi Birmingham, Uingereza, na tuna watoto watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 9 na kitinda mimba wa miaka 5, naye ni wa kike. Shule zinafungwa mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba, na sote wawili tuko kazini. Binti mkubwa tangu mwaka jana ana wimbo mmoja tu, kambi ya kupanda farasi. Kituo kipo nje kidogo ya mji, siku tano, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Ada ya mtoto mmoja inakaribia mshahara wangu wa wiki. Nimemwambia nitalipa kwa sharti moja: aende na wadogo zake wote wawili na awaangalie, hasa huyu wa miaka 5 ambaye hakubali kuachwa. Tangu hapo amenuna, anasema afadhali asiende kabisa. Baba yao ni mtu wa Lamu, anacheka tu. Eti yeye alipanda punda bure, iweje alipe pesa ili mwanawe akazoe mavi ya farasi? Mama mkwe naye amepiga simu kusema msichana wa hijabu hana kazi juu ya farasi. Je, binti yangu ana choyo, au mimi ndiye nakosea?*

*Mama Watatu, Birmingham*

Mwanangu, binti yako hana choyo. Ameomba kambi, wewe ukampa kazi ya uyaya, tena kazi ambayo wewe mwenyewe ungelipwa kuifanya.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali mvulana wako alipoomba kwenda. Sikupaona. Inaelekea umemjumlisha ili hesabu ya usawa ikae vizuri. Muulize kwanza. Huenda anataka mpira, na wiki ya mpira ikakupunguzia wewe gharama na yeye adhabu.

Sasa nikueleze kwa nini sharti lako haliwezekani hata kama binti angelikubali kwa moyo mweupe. Katika kambi hizi watoto hugawanywa kwa umri na kwa ujuzi. Mdogo wa miaka 5 huwekwa juu ya farasi mfupi, mara nyingi wa aina ya Shetland, ambaye urefu wake begani hauzidi sentimita 107, na mtu mzima anamwongoza kwa kamba hatua kwa hatua. Mkubwa anapelekwa uwanja mwingine, anafundishwa kukaa vizuri kwenye tandiko, kushika hatamu bila kumvuta mnyama mdomo, na akiiva ataonja hata kupiga shoti. Hawa hawaonani kwa saa nzima. Na hata wakiwa pamoja bandani, farasi si mnyama wa kushikwa huku jicho liko kwingine. Ni mnyama wa kukimbia hatari: akishtuka, mwili unatangulia. Ndiyo maana jambo la kwanza kufundishwa ni kutompitia nyuma kwa karibu, na kumlisha kwa kiganja kilichonyooka ili vidole visitafunwe pamoja na karoti. Msichana anayemsafisha farasi kwato huku anageuka kila dakika kumtazama mdogo wake ndiye atakayekanyagwa.

Kwa huyo mdogo, siku tano za kutwa ni nyingi mno, na vituo vingine havimpokei kabisa kwa siku nzima. Miguu yake bado mifupi, haishuki vizuri pembeni mwa tandiko, na kufikia saa sita mchana atakuwa anataka mama, si farasi. Mtafutie saa moja ya kuongozwa kwa kamba. Atampiga brashi mnyama, atapanda, atarudi nyumbani akijiona bingwa. Atalia siku dada yake anapoondoka? Atalia. Kilio cha mtoto wa miaka 5 kinaisha kabla gari halijapinda kona.

Nije kwa baba yao, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Lamu mtoto hujua punda kabla hajajua baiskeli, na hakuna aliyemtoza senti. Lakini Birmingham punda hapiti mlangoni. Na hayo mavi anayoyacheka ndiyo sehemu ya kambi ninayoiona ina thamani kuliko kupanda kwenyewe. Nusu ya siku watoto huwa chini, wanasafisha banda, wanabeba maji, wanachana manyoya, wanajifunza kufunga tandiko. Mtoto wa miaka 13 anayeshinda na simu kitandani akiomba mwenyewe kwenda kuzoa samadi, mimi ningelipa mbio asije akabadili mawazo!

Kuhusu mama mkwe, mjibu kwa adabu, umpe na habari hii. Mwaka 2019 msichana wa London aitwaye Khadijah Mellah, mwenye umri wa miaka 18, alishinda mbio za Magnolia Cup katika uwanja wa Goodwood akiwa amevaa hijabu chini ya kofia yake. Alijifunzia kupanda farasi katika Ebony Horse Club, kituo cha hisani kilichoko Brixton, katikati ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Binti yako avae mtandio mwepesi unaobana kichwa, usio na pini wala ncha za kupeperuka, na suruali ndefu. Hilo tu.

Usalama ndio ningeutolea jasho. Huko England kituo kinachokodisha farasi au kufundisha kwa malipo lazima kiwe na leseni ya halmashauri, na leseni hiyo huambatana na nyota kuanzia 1 hadi 5. Iombe uione. Uliza pia kama waangalizi wamechunguzwa rekodi zao za uhalifu, na nani hubaki na watoto wakati wa chakula. Kofia ya kupandia usiinunue mtumba hata ikiwa inang'aa, maana iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu haiaminiki tena, na ufa wake huenda usiuone. Vituo vingi huazima kofia, waulize. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku na kunasa mtoto akianguka. Naye anaweza kuanguka, jiandae kwa hilo.

Pesa. Kama nyote wawili mnafanya kazi, huenda mnastahili akaunti ya serikali ya malezi ya watoto: ukiweka pauni 8, serikali inaongeza 2, hadi pauni 500 kwa kila mtoto katika miezi 3. Lakini hulipa vituo vilivyosajiliwa tu, na kwa kawaida haivuki Septemba inayofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 11. Kwa hiyo yule anayeitaka kambi ndiye asiyesaidiwa. Itumie kwa wadogo, kwenye wiki ya mpira ya mvulana kwa mfano, ikiwa waandaaji wamesajiliwa, na kile utakachookoa ukipeleke kwa mkubwa.

Hukumu yangu ni hii: mkubwa aende peke yake siku zote tano, mvulana achague, na mdogo apelekwe saa moja Jumamosi na baba yake. Vituo vingine humruhusu mzazi ashike kamba. Mtu wa Lamu hatahitaji kufundishwa.

Kabla hujapiga simu, mpime binti urefu na uzito, maana watakuuliza ili wampangie farasi anayemfaa, na vituo vina kikomo cha uzito. Mpime mkiwa wawili tu, ndugu zake wasiwepo, na umweleze sababu. Nafasi za Agosti hujaa mapema, basi piga simu wiki hii, ukishamwambia binti yako kwamba lile sharti umeliondoa.