USALAMA NA AFYA: Kalikoti juu ya barabara



Kazini hakuna anayepanda juu bila ruhusa, wala fundi hagusi waya kabla umeme haujakatwa. Lakini sikukuu, arusi au uchaguzi ukifika, tunasahau masomo hayo na kufunga kalikoti kuvuka barabara kwa ngazi na kamba tu.

Huku Kanyaruchinya, kwenye barabara kuu ya Goma na Rutshuru, ardhi ni mawe ya volkano. Kuchimba shimo la nguzo ndani yake ni taabu, basi wengine wanafunga kamba kwenye nguzo ya umeme. Hatari inaanzia hapo. Nguzo ya umeme isifungwe kitu kamwe.

Shikeni vipimo vitatu:

1. Gari. Kontena refu lina kimo cha mita 2,90. Ongezeni kama mita 1,50 za kitanda cha lori: 4,40. Tena kwetu watu wanakaa juu ya mizigo, na aliyekaa anaongeza karibu mita 0,90: 5,30. Basi upande wa chini wa kalikoti usipungue mita 5,50. Pimeni katikati, kwa maana kitambaa kikilowa mvua kinalegea.

2. Kitambaa. Kikiwa na kimo cha mita 1, upande wa juu unafika 6,50.

3. Umeme. Acheni mita 3 hadi kwenye waya: 9,50. Waya ukiwa chini ya hapo, msivushe kalikoti. Itundikeni ukutani au kwenye uzio. Ngazi ya chuma na kamba iliyolowa zinapitisha umeme.

Kalikoti isifiche alama za barabara. Mkataba wa Vienna wa 1968 unakataza jambo hilo. Barabara ni ya wote: ombeni ruhusa kwa wakubwa wa mahali, na mseme siku ya kufunga na siku ya kutoa. Siku ya kutoa, toeni na kamba pia. Kamba inayoning'inia inaweza kumkata shingo mwenye pikipiki au chukudu anayeteremka mbio.

Ajali ikitokea:

– Mtu akinaswa na umeme, msimguse. Umeme ukatwe kwanza. Kama ni waya mkubwa wa barabarani, wote wakae mbali mita 10 mpaka wenye umeme wahakikishe.

– Umeme ukiisha kukatwa na yeye hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka msaada ufike.

– Akianguka toka ngazini, msimkalishe wala msimpakie kwenye pikipiki. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumkunja kunaweza kumpoozesha miguu. Mlazeni juu ya ubao, kichwa kikishikwa sawa.

Kalikoti inakaa wiki moja. Anayeifunga anangojewa nyumbani kila siku.

Usalama kwanza!