Kijani Si Faida: Jinsi ya Kusoma Rangi za Ripoti ya Till Yako

Ukifungua ripoti ya mauzo kwenye simu, kitu cha kwanza kuona ni rangi. Ikiwa kijani, roho inatulia. Ikiwa nyekundu, roho inaruka. Lakini kabla hujaongeza mzigo au kulipa karo kwa pesa ya biashara, hebu tuangalie rangi hiyo inasema nini hasa.

Rangi inalinganisha tu

Wenye watoto wadogo wanaujua ule utepe ambao wahudumu wa afya ya jamii huzungusha kwenye mkono wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Mipaka hiyo iliwekwa na wataalamu, na ni ileile Kiandutu au Kisumu.

Ripoti ya biashara haiko hivyo. Mara nyingi mpaka wake ni mauzo yako ya wiki iliyopita, au lengo uliloweka mwenyewe. Ndiyo maana shilingi 14,000 zinaweza kuwa nyekundu kwako na kijani kwa jirani.

Kijani kinaweza kuficha faida inayopungua

Tuseme mama mboga wa Kiandutu alipokea shilingi 14,000 kwa till wiki jana. Mzigo ulimgharimu 9,800, akabaki na 4,200. Wiki hii nyanya zimepanda bei. Till imepokea 16,100, lakini mzigo umekula 13,000. Mauzo yamepanda kwa asilimia 15, skrini ni kijani kabisa, na mkononi amebaki na 3,100. Yaani faida imeshuka kwa shilingi 1,100!

Till huona pesa inayoingia. Haioni bei ya sokoni, nauli ya boda wala mboga zilizooza.

Nyekundu si msiba kila mara

Wateja wengi wa Thika hulipwa mwisho wa mwezi. Mshahara ukiingia mauzo hupanda, katikati ya mwezi yanashuka. Kwa hivyo linganisha wiki ya pili na wiki ya pili ya mwezi uliopita, si na wiki ya mshahara.

Tena, till haihesabu keshi, wala pesa iliyotumwa kwa namba yako ya kawaida. Wateja wakilipa hivyo, ripoti itakuwa nyekundu na kibanda kinauza vizuri tu.

Kila Jumapili jioni, fanya hivi:

1. Soma maandishi yaliyo karibu na rangi: wanalinganisha na nini? Jana, wiki jana, au lengo?
2. Soma namba na mshale pia. Kuna watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani.
3. Kwenye daftari, jumlisha mauzo ya till, ya keshi na ya namba ya simu. Toa gharama zote za wiki: mzigo, nauli na kilichoharibika.
4. Kinachobaki ndicho cha kupangia karo, kodi na akiba. Kiandike, wiki ijayo ulinganishe.

Rangi inakuonyesha pa kuangalia. Ukitaka kujua kama biashara inakulisha au wewe ndiwe unailisha, fungua daftari.